Chungu Kilichoponywa

Kabla hujamchotea mwanao uji, tazama unauchota kutoka kwenye nini. Hortensia, ambaye kijiji kizima kilimwita Tencha, alitazama kila siku, akaona chungu kinang'aa, akaridhika. Huko Santa Rita de los Hornos mwanamke hupimwa kwa mng'ao wa vyungu vyake, na vya Tencha viling'aa kuliko vya wote.

Siku ile ya Jumanne alikuwa amepiga magoti mbele ya beseni, mikono myekundu hadi kwenye viwiko. Alikuwa akichota kwa kiganja ule unga mwekundu wa greta, wa kung'arishia vyungu, uliokorogwa kwa maji, anaumimina ndani ya chungu, anakizungusha mpaka unga ushike kila mahali, halafu anakiweka kando kingoje moto wa pili. Mgongoni, ndani ya mtandio, alikuwa amembeba Chayo, mtoto wake wa pili, wa miaka minne. Binti yake mkubwa, Yuritzi, aliingia kutoka shule akihema.

"Mama, mwalimu Leobardo kasema kesho kila mtu alete chombo anacholia chakula. Ni Jumatano ya mikono."

"Mikono ya nani tena?"

"Yetu! Wiki iliyopita tuliwasha taa kwa betri. Kesho tunapima kitu, hajasema nini. Nitachukua kile kikombe changu chenye ufa."

Doña Cuca, mama mkwe, aliyekuwa akikanda udongo karibu na mlango, aliinua kichwa. "Kikombe chenye ufa? Ili huyo mwalimu akamwambie mkewe huko mjini kwamba wafinyanzi wa Santa Rita wanakula kwenye vigae?"

"Hana mke, Bibi."

"Ndiyo maana hajui kitu."

Tencha alikung'uta mkono, akajifuta kwenye aproni, akainuka kwa shida. Pale rafuni palikuwa na chungu kimoja kilichotoka motoni Jumamosi, cha kijani kibichi kama mgongo wa mbawakawa, hakijawahi kupikiwa. Alikifuta kwa kiwiko.

"Peleka hiki. Ukiulizwa, sema ni kazi ya mama yako."

"Lakini kasema tunacholia."

"Tutakilia. Chukua."

Chayo alimnyooshea dada yake mkono kutoka ndani ya mtandio. "Yuu," alisema.

Hilo lilikuwa moja ya maneno yake matatu. Mengine yalikuwa "mama" na "maji". Majirani walisema wachelewao huja na mengi, na muuguzi wa zahanati alisema wasubiri. Tencha alikuwa amesubiri hadi akaweka tarehe mwenyewe: mwezi wa Agosti Chayo angeanza chekechea, na pale getini mwalimu humuuliza kila mtoto jina lake. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Tencha aliomba kitu kimoja tu, kwamba ifikapo siku hiyo Chayo aweze kujibu.

*

"Kisia kwanza, kisha pima," ndiyo ilikuwa sheria ya Jumatano. Mwalimu Leobardo, kijana aliyekuja kutoka mjini na sanduku la vifaa alivyonunua kwa mshahara wake, aliwagawia watoto ishirini na mmoja vipande vya karatasi. Halafu akainua kijiti chenye pamba ya manjano nchani.

"Kijiti hiki kinatafuta kitu kimoja tu. Madini ya risasi. Kikiyakuta kinageuka pinki. Kisipoyakuta kinabaki hivi hivi. Sasa andikeni: chombo chako kinayo, au hakina?"

"Risasi ya bunduki, Mwalimu?" aliuliza Ponciano.

"Madini hayo hayo."

"Kwa hiyo sahani ya Yuritzi inaweza kuua mtu!"

"Ni chungu, si sahani, mjinga wewe," Yuritzi alimjibu, na darasa likacheka. Walicheka zaidi Ponciano alipotoa chombo chake, kikombe cha plastiki kilichopauka. Kwao waliuza kila walichofinyanga, hawakubakiza hata kimoja. "Ponciano ananywea kwenye ndoo!" walimwimbia.

Yuritzi aliandika HAPANA kwa herufi kubwa, akachora na ua pembeni. Alisugua kijiti ndani ya chungu cha mama yake kama alivyoonyeshwa, akihesabu hadi thelathini. Hakufika ishirini. Pamba ilikuwa imeshakuwa pinki, pinki ya mapambo ya karatasi wanayotundika siku ya sikukuu.

"Yangu pia! Tazama yangu!"

"Yangu ndiyo pinki zaidi!"

Walipiga kelele kwa furaha, kwa sababu kwao kugeuka ndiko kushinda. Walichora jedwali ubaoni wenyewe, wakigombania chaki. Vyombo kumi na nane pinki. Vitatu manjano: sahani ya bati, bilauri, na kikombe cha Ponciano. Ponciano alipanda juu ya kiti. "Haya, nani ananywea kwenye ndoo sasa?"

Ni msichana wa kiti cha nyuma aliyeuliza: "Sasa, Mwalimu, hiyo risasi inafanya nini?"

Leobardo alitazama ubao. Alikuwa ametegemea vyombo viwili vitatu tu, awafundishe kuchora jedwali, kisha kengele ilie. Hakuwa amejiandaa kwa kumi na nane. Na kwa kuwa hakujua kusema ukweli nusu, aliusema wote. Inaingia kwenye chakula, hasa chakula chenye uchachu. Inaingia kwenye damu, inakaa kwenye mifupa. Mtu mzima inamuuma tumbo na viungo. Mtoto mdogo inamharibia ubongo. Anakuwa mzito wa kujifunza. Anachelewa kusema.

Kelele zilikuwa zimekoma kabla hajamaliza. Wengine walivisogeza vyombo vyao mbali kidogo, kwa kidole kimoja.

Kengele ilipolia Yuritzi alibaki nyuma. "Mwalimu, naomba kijiti kimoja. Cha nyumbani."

Vilikuwa vimebaki viwili. Alimfungia kimoja kwenye karatasi, na alipompa alimtazama kama mtu aliyevunja kitu cha watu.

*

"Pinki?" Tencha alirudia. "Pinki maana yake nini?"

Yuritzi alieleza yote kama alivyoelezwa, bila kuruka. Alipofika kwenye kuchelewa kusema, alimtazama Chayo aliyekuwa ameketi chini, akichezea udongo wa Bibi.

Tello, baba yao, alikuwa akipanga kuni za tanuri. Hakugeuka.

"Miaka sabini na moja nakula kwenye vyungu hivi," alisema Doña Cuca. "Nimezaa tisa."

"Watano wamekufa, Mama," alisema Tello huko huko kwenye kuni.

"Wamekufa kwa mapenzi ya Mungu, si kwa chungu changu!"

Tencha alikuwa amekishika kile chungu, anakigeuza kwenye mwanga, anatafuta kosa. Halafu ghafla uso ukamfunguka, akacheka kwa sauti.

"Jamani! Hakijaponywa! Nimempa chungu hakijaponywa!"

Doña Cuca akajipiga paja. "Ehee! Ndiyo hiyo! Mtoto wa mjini atajuaje?"

Kwa maana chungu kipya huko hakipikiwi hivi hivi. Kwanza huponywa: huchemshiwa maji ya chokaa na vitunguu saumu, hupakwa siki, huachwa kilale nayo, na mtu anaambiwa kwamba uchafu wote wa moto umetoka. Mama alimwambia binti, binti akamwambia wake. Hakuna aliyewahi kuuliza unakwenda wapi.

"Basi tupime tena kikishaponywa," Yuritzi alisema, akitoa ile karatasi mfukoni. "Ninacho kimoja. Tukisie kwanza..."

Tencha alimkamata kifundo cha mkono. Hakumuumiza, lakini hakuwahi kumshika vile. "Nyumba hii haipimwi. Umenielewa? Doña Amparo anakuja wiki ijayo kuchukua vyungu sitini. Akisikia mwanangu anazunguka na vijiti, tutakula nini?"

"Kitupe motoni," alisema Bibi.

Yuritzi alikwenda hadi kwenye mdomo wa tanuri, akatupa karatasi. Kijiti alikificha ndani ya soksi.

Tencha alikiponya kile chungu kuliko alivyowahi kuponya chungu chochote. Badala ya usiku mmoja alikiachia siki siku tatu. Alikichemshia ndimu. Na ili awe na hakika, tangu siku ile alipikia humo kila kitu cha Chayo, hasa atole ya kuchachuka, ule uji wa mahindi ambao mtoto alikuwa akiupenda hata anaulilia. "Hiki ndicho kisafi kuliko vyote," aliwaambia. Chayo alikunywa, akalamba pembe za mdomo, akanyoosha kikombe aongezwe.

*

Habari hazikungoja. Jumatatu iliyofuata wazazi walijaa uwanja wa shule, wengine wamekuja na udongo mikononi. Doña Amparo, mnunuzi kutoka mjini, alikuwepo pia; alisimama karibu na gari lake, miwani ya jua usoni, hakumsalimia mtu.

"Umewafundisha watoto wetu kwamba mama zao wanawalisha sumu!" alisema Librada, jirani yake Tencha.

"Sikusema hivyo, mama. Walipima wenyewe. Mimi naomba tu watoto wapelekwe wakapimwe damu, na kwamba msipikie..."

"Wewe una watoto wangapi?"

"Sina."

"Hana!" Librada aliwageukia wenzake. "Anatufundisha kulea, na kulea hajui!" Watu wakacheka, mwalimu akawa mwekundu hadi shingoni.

Hapo Tencha akasogea mbele. Alikuja amejiandaa. Mkononi kile chungu cha kijani, kimefunikwa kwa kitambaa, kimejaa atole iliyolala humo usiku kucha. Mgongoni Chayo.

"Mwalimu, hiki ndicho kilichogeuka pinki darasani kwako. Kwa sababu hakikuwa kimeponywa. Sasa kimeponywa." Alimteremsha Chayo, akamketisha kwenye ngazi, akachota kikombe. Mtoto akakishika kwa mikono miwili, akanywa chote bila kupumua. Tencha akachota cha pili. "Huyu ni mwanangu wa tumboni. Anatumia chungu hiki kila siku. Kingekuwa na sumu ningempa? Semeni ninyi, ningempa?"

"Usimpe, mama, nakuomba, uchachu ndio unaotoa..." Leobardo alisema akinyoosha mkono, lakini Tello aliuzuia mkono ule kwa bega lake, na watu walikuwa wameshaanza kupiga makofi. Librada naye aliomba kikombe. Chungu kilizunguka.

Yuritzi alikuwa amesimama ukutani na wanafunzi wenzake. Kijiti kilikuwa mfukoni mwake. Alipiga hatua moja kuelekea kwenye ngazi. Mama yake alimtazama, naye Yuritzi akaishia hapo.

Doña Amparo alivua miwani. "Nimeridhika," alisema. "Lakini maneno yameshatoka, Tencha, na wateja wangu wana masikio. Siwezi kulipa pesos mia na themanini kwa kila chungu. Mia na kumi."

"Tulikubaliana, Doña Amparo."

"Tulikubaliana kabla ya pinki."

Mia na kumi haikutosha kurudisha gharama za kuni na greta. Tencha alisema sawa. Akamshukuru.

*

Chayo alianza na tumbo. Akakataa tortilla, zile chapati za mahindi, akakataa maharage, akataka atole tu, nayo akaitapika. Bibi alimkanda kwa mafuta. Siku ya nne alishindwa kusimama. Siku ya sita, saa nne asubuhi, Tencha akiwa kwenye beseni, alihisi mtandio mgongoni unatikisika kama kuna ndege ndani yake. Alipomteremsha, macho ya mtoto yalikuwa yamepanda juu na meno yamebana.

Hospitali ya mjini walikaa kwenye benchi tangu adhuhuri. Muuguzi aliwapitia mara mbili, akatazama mikono ya Tencha iliyokuwa ingali myekundu, akamwambia akanawe asichafue ukuta. Akaenda kunawa. Akarudi, akaambiwa akanawe tena.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wake, mchovu. Aliwawekea karatasi mezani na kuzungushia namba kwa kalamu.

"Hii ndiyo damu ya Rosario. Sabini na moja."

Hilo ndilo jina kamili la Chayo. Tencha aliitazama ile sabini na moja. Yeye alisoma hadi darasa la sita, na alama alizijua. Yuritzi huleta sitini, huleta themanini.

"Basi si mbaya sana, Daktari," alisema. "Amepita?"

Tello aliinamia kofia yake.

"Mama, hii si alama ya mtihani. Sisi tukiona tano tunashtuka." Daktari alivuta kiti karibu. "Wiki hizi mlimpa nini?"

"Atole. Kwenye chungu safi. Nilikiponya mwenyewe kwa siki, siku tatu. Na ndimu."

Daktari alifumba macho kidogo, kisha akamweleza, polepole, kwa maneno mepesi, siki inafanya nini kwenye mng'ao wa greta. Alieleza mara moja tu. Tencha alielewa mara ya kwanza.

"Basi atapona," alisema. "Mmeshajua, mtamponya."

"Tutamtolea kiasi kwenye damu. Kilichoharibika kichwani hatukirudishi." Akafunga faili. "Na hapaswi kurudi kwenye nyumba hiyo."

"Nyumba gani nyingine?" aliuliza Tello. Hakuuliza kwa ubishi. Alingoja jibu, kofia mkononi, na daktari akaitazama saa.

*

Mwalimu Leobardo alihamishwa mwezi wa Juni, kwa barua yenye sahihi za wazazi arobaini. Ya Tencha ilikuwamo. Aliiweka siku ile ya makofi. Sanduku lake la vifaa Leobardo alilibeba mwenyewe hadi barabarani. Aliyekuja baada yake alikuwa mwanamke mpole, na siku za Jumatano watoto wananakili kutoka ubaoni.

Tello alijaribu ule unga mwingine usio na risasi, gunia moja walilopewa na watu wa serikali miaka iliyopita, likakaa stoo. Tanuri la kuni halikufikia moto wake. Vyungu vilitoka na vipele kama ngozi ya chura, na Doña Amparo alivigonga kwa kucha, akacheka. Tanuri la gesi, ambalo lingeufikia, lingegharimu kuliko nyumba.

"Mimi najua kuchoma udongo," Tello alimwambia mkewe. "Nitajie kitu kingine ninachokijua, nikifanye kesho."

Walihamisha beseni nyuma ya nyumba, wakaweka pazia la nailoni. Chayo hakubebwa tena kwenye kazi. Doña Cuca alimwangalia ndani, na alipodhani hakuna mtu, alimwomba msamaha.

Chayo alirudi kutoka hospitali bila "maji", na bila "mama". Kwa wiki mbili alisema "Yuu", nalo likaisha.

Agosti ilifika. Asubuhi ya kufungua chekechea, kutoka uani kwao ilisikika kengele, kisha sauti ya mwalimu ikiuliza getini, na za watoto zikijibu majina yao mojamoja. Tencha alikuwa ametoka kwenye beseni kuja kutengeneza tortilla. Alinawa kwa sabuni ya mche. Akanawa tena, akisugua kucha kwa brashi. Akanawa mara ya tatu kwa maji ya moto, hadi ngozi ikauma. Chayo alikuwa ameketi mezani kwenye kiti chake, shingo imeinama upande mmoja, anangoja.

Yuritzi alikuja akasimama mbele ya mama yake. Alikuwa na kijiti mkononi. Pamba yake ilikuwa imeingia vumbi kidogo, lakini ilikuwa ingali manjano.

Tencha hakumuuliza alikitoa wapi.

"Kisia kwanza, Mama," alisema mtoto.

Tencha aliitazama mikono yake. Ilikuwa safi kuliko alivyowahi kuiona, myeupe kwenye mikunjo. "Hapana," alisema. "Mara tatu nimenawa. Hapana."

Yuritzi aliushika mkono, akausugulia pamba kiganjani, kwenye ile mistari, na pembeni mwa kucha. Wakahesabu pamoja kwa sauti ya chini. Kule getini mtoto wa Librada alilitaja jina lake kwa nguvu na watu wakamshangilia.

Walipofika kumi na saba waliacha kuhesabu. Yuritzi alikiweka kijiti pembeni ya meko, ncha yake pinki, akaenda kuchukua begi lake.

Donge la unga wa mahindi lilikuwa pale pale, limeshakandwa. Tencha alisimama mbele yake mpaka kengele ya pili ikalia. Halafu akachukua kipande, akakitandaza kati ya viganja vyake, akakipiga huku na huku, akakiweka motoni. Kilipoiva alikikunja, akakipuliza kipoe, akamsogezea Chayo, na Chayo akafungua mdomo.